Kwa nini watoto wa wafanyakazi wa Arusha wanalelewa na bibi zao migombani?

#1 Mpangaji wa Ngarenaro
Wakuu, salaam.

Nyumba ninayopanga hapa Ngarenaro ina vyumba nane, bomba moja na vyoo viwili vya kuchangia. Kila chumba kina mtu wa kazi: dada wa saluni, fundi alumini, kondakta wa kifodi (daladala), wawili wanaokwenda shamba la maua upande wa Usa River, mama anayeuza mitumba Soko la Kilombero. Karibu wote ni wazazi. Lakini kaa uwani Jumapili kutwa, unaweza usione mtoto hata mmoja akicheza. Ukiuliza unaambiwa "yupo Kibosho kwa bibi", "yupo Rombo", "nilimpeleka Mwika alipoacha kunyonya".

Watu wanaliita hili mila ya Wachaga wa Kilimanjaro. Mimi nakataa. Nasema ni kazi za Arusha na nyumba za Arusha zinazowatoa watoto mjini. Tajiri wa mjini anamtaka mtu mzima mwenye nguvu, aliyekwisha kulelewa. Kumlea yule atakayefanya kazi kesho anaachiwa bibi mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na bibi halipwi na mtu.

Angalieni sensa. Mwaka 2012 Arusha ilikuwa na watu 1,694,310 na Kilimanjaro 1,640,087, karibu sawa kabisa. Mwaka 2022 Arusha imefika 2,356,255, Kilimanjaro 1,861,934. Mji unavuta watu wazima, mlima unabaki na wazee na wajukuu.

Naomba michango, hasa ya wenye watoto huko juu.

#2 Kifodi cha Mwisho
Naweka kambi. Hii mada inanihusu.

#3 Mama Wawili Sakina
Mkuu mleta uzi, umenigusa. Ngoja niseme langu.

Nafanya kazi hotelini, mapokezi, kwa zamu. Nilipojifungua wa kwanza nilipewa siku zangu 84 za likizo ya uzazi kama sheria inavyosema, nikarudi. Sheria hiyo hiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mama anayenyonyesha apewe muda wa kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nilipomtajia msimamizi wangu, akaniuliza kama mtoto atakuja mapokezi au mapokezi yamfuate mtoto. Nikawa nakamua maziwa kwenye stoo ya mashuka, nimeegemea mlango kwa mgongo kwa sababu haukuwa na komeo. Maziwa yenyewe namwaga, maana nikifika nyumbani usiku yameharibika.

Dada wa kazi wa kwanza aliondoka bila kuaga. Wa pili aliolewa. Wa tatu nilimkuta amemfungia mtoto chumbani, yeye yuko dukani. Usiku ule ule nilimpigia mama Machame, na asubuhi tukapanda Costa kwenda Moshi.

Sasa anitokee mtu aniambie nilifuata mila. Mama yangu mwenyewe hakulelewa na bibi yake.

#4 Mangi wa Uru
Dada #3, pole sana. Ila mleta uzi kaitupa mila haraka mno.

Sisi tunajua mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, anayefuata jina la babu mzaa mama. Jina lile lina kazi yake. Babu anamwona mjukuu kama mwenzake, na mjukuu kwenda kukaa na wazee akawachotea maji, akawaokotea kuni na kulala na bibi asiwe peke yake ni jambo la siku nyingi. Mimi nililelewa na bibi miaka ya 1970, baba akiwa karani wa reli Tanga. Wakati huo hakuna aliyekuwa anakata maua Usa River.

Kuna jambo lingine. Nyumba ya wazazi kwetu huwa ya kitinda mimba. Wakubwa wanatafuta pengine. Kwa hiyo kila mlango wa Kichaga una watu waliotoka na mtu aliyebaki na wazee. Mtoto akirudishwa anarudi kwao, hajapelekwa ugenini.

#5 Takwimu Kwanza
Mleta uzi, takwimu zako ni za mkoa. Mkoa wa Arusha una Karatu, Monduli, Longido, Ngorongoro na Arumeru nzima humo ndani. Huwezi kuziita "mji". Jiji la Arusha lenyewe lilikuwa na watu 416,442 mwaka 2012, likawa na 617,631 mwaka 2022. Ongezeko la karibu nusu ndani ya miaka kumi, kwa hiyo hoja yako inapata nguvu zaidi.

Ila angalia: sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Watoto wa wapangaji wenzako walihesabiwa Kibosho na Rombo. Pamoja nao wote, Kilimanjaro imeongezeka kwa asilimia 13 na ushee tu. Halafu jumla ya mkoa haisemi nani ni mzee na nani ni mjukuu. Hilo la "mlima kubaki na wazee na wajukuu" unatakiwa ulitafutie jedwali la umri.

#6 Mwalimu wa Migombani
Nafundisha shule ya msingi huku juu, wilaya siitaji. Njooni siku ya kikao cha wazazi. Benchi la mbele lote vitenge na vilemba, bibi watupu. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio ni ya mama aliye Arusha, Dar au Mirerani. Mtoto akiugua nampigia mtu aliye kilomita 80 au zaidi, na yeye anampigia jirani, na jirani anakwenda kumwambia bibi.

Nilimwona mtoto wa darasa la nne akimsomea bibi yake ripoti yake mwenyewe. Alifika kwenye Hisabati akanyamaza kidogo, akaruka, akaendelea na Kiswahili. Bibi akampa ndizi mbivu kwa furaha. Sikusema kitu, nilisubiri bibi akae pembeni nikamweleza taratibu.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako watoto waliokuja wamekondeana, wanakohoa, na baada ya muda wa maziwa ya ng'ombe wa bibi na kulala mapema wamekuwa wengine kabisa. Na wako walioharibika. Bibi wa miaka sabini hawezi kumkimbiza kijana wa miaka kumi na tatu.

#7 Sosho Mstaafu
Mada hii ina historia ndefu kwa wanaosoma jamii, na majibu yao yanapingana kama ya kwetu.

Louis Wirth wa Chicago aliandika mwaka 1938 kwamba mji, kwa ukubwa wake, msongamano wake na mchanganyiko wa watu wake, hulegeza undugu. Watu wakamwamini. Mwaka 1957 Michael Young na Peter Willmott wakatoa walichokikuta Bethnal Green, mashariki ya London: mabinti walioolewa wakikaa mitaa ya karibu na mama zao, wakionana karibu kila siku, bibi akisaidia kushika wajukuu, na hapo ni katikati ya jiji kubwa. Ukaribu ule uliyumba pale familia zilipohamishiwa nyumba mpya nje ya mji. Kazi za mjini zilikuwepo tangu zamani na hazikuwa zimeuvunja.

Hoja ya mleta uzi inafanana na ya Mfaransa Claude Meillassoux, aliyefanya utafiti kwa Waguro wa Ivory Coast. Mwaka 1975 alisema mshahara wa mhamiaji huweza kuwa mdogo kwa sababu kijiji ndicho kilichomlea, ndicho kinacholea wanawe, na ndicho kitakachompokea akizeeka. Mwajiri analipa nguvu ya leo tu. Kwa maana hiyo kihamba cha bibi kinamsaidia mwenye shamba la maua kulipa kidogo.

Kati ya hao naegemea Young na Willmott wa London. Swali langu kwenu wa Arusha: bibi yuko umbali gani?

#8 Fundi Alumini
Profesa, tutoke London turudi Ngarenaro 😀

Mimi ndiye huyo fundi wa uzi #1, chumba cha pembeni karibu na bomba. Chumba changu kina kitanda, jiko la gesi, kabati, na mashine yangu ya kukatia ambayo siwezi kuiacha nje. Mtoto atalala wapi? Juu ya mashine? Nilipokuja kupanga, mama mwenye nyumba aliniuliza maswali mawili: kodi ya miezi sita ninayo, na nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema watoto wanamaliza maji na kujaza choo. Nikampa kodi, mtoto akabaki Marangu.

Hakuna mila hapo wala Mfaransa. Ni chumba.

#9 Binti Moshono
Fundi, mimi natoka kwa hao wenye nyumba unaowasema, kwa hiyo naomba niseme upande wetu.

Sisi ni Waarusha, kabila la hapa hapa. Eneo la babu lilikuwa shamba la mahindi na maharage, mji ukatufuata. Leo kuna nyumba ya bibi, nyumba ya baba, vyumba vya wapangaji, na watoto wamejaa uwani mpaka kuku hawana pa kukanyaga. Nafanya kazi mjini kwa saa zile zile za dada #3, natoka giza narudi giza, lakini mwanangu hajawahi kulala mbali nami. Bibi yuko hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Kwa hiyo kazi ile ile, jiji lile lile, na matokeo tofauti. Ardhi ndiyo inayoamua. Aliye na kwao mjini analea mjini.

Na kweli wapangaji wenye watoto wengi tunawakwepa. Maji yanatoka kwa zamu na bili tunalipa sisi.

#10 Olmoti
Mnazungumza kama Arusha yote ina asili ya Moshi. Nenda kwenye mageti ya Njiro usiku, uliza walinzi familia zao ziko wapi. Longido, Monduli, Simanjiro. Kwetu mtoto hapelekwi popote, anabaki bomani na mama yake. Anayeondoka ni baba. Anakuja mjini, analala kibanda cha geti, anatuma hela ya chakula na dawa ya mifugo, mvua zikinyesha vizuri anarudi.

Mtoto wa Kimasai amekosa baba, mtoto wa Kichaga amekosa wote wawili. Kwa nini kwa Wachaga mama naye anaondoka? Hapo ndipo pa kuchimba.

#11 Mangi wa Uru
Olmoti, jibu lako ni kahawa.

Zamani mama wa Kichaga alikuwa na sababu ya kubaki. Wakulima wa mlima waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, ushirika wa KNCU ukafuata 1933, na hela ya kahawa ilisomesha, ilijenga, iliozesha. Baba akitoka kwenda kazini, mama alibaki na kihamba kilichokuwa na maana. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Hapo tayari tulikuwa tunahangaika na magonjwa ya mibuni. Na kihamba kimegawanywa baba kwa mwana mpaka kingine hakizidi uwanja wa shule. Binti angebaki afanye nini? Akashuka Kiboriloni na Mbuyuni kuuza mitumba, akavuka kwenda Arusha.

Mibuni imekatwa, migomba na ng'ombe wamebaki. Hivyo vinatosha kulisha wajukuu. Kumlipia mtu mzima mahitaji yake havitoshi.

#12 Kifodi cha Mwisho
Mangi akianza KNCU ujue chai inapoa. Lakini hapa kapiga penyewe.

#13 Mama Mkubwa Kirua
Wanangu, mjukuu wangu amenisomea yote mliyoandika, na anaandika ninayosema.

Ninao wajukuu wanne hapa. Naamka kabla ya alfajiri, nakamua, nachemsha chai, nawatoa kwenda shule. Kisha nakwenda kukata majani ya ng'ombe. Majani ya hapa hayatoshi, mengine yanatoka tambarare, nanunua mzigo ukiletwa barabarani au nashuka mwenyewe nabeba kichwani. Nikirudi kuna nguo. Jioni kuna ndizi za kumenya, na vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu mpaka naona aibu kushika Biblia.

Hela inakuja kwenye simu. Mwanangu mmoja anatuma vizuri. Mwingine anatuma siku akikumbuka. Akituma ananiambia "mama, hiyo ni ya sabuni". Mtoto anakula sabuni? Anavaa sabuni? Ananiuliza kama ng'ombe ametoa maziwa, haniulizi kama goti limepona.

Siwachukii wajukuu. Nyumba isiyo na mtoto ni ya kutisha usiku. Nawapenda na bila wao ningekuwa naongea na ukuta. Ila msiseme ninafanya kwa sababu ni mila, wala msiseme nimelazimishwa na kazi za Arusha. Niliulizwa kwa simu mtoto akiwa tayari yuko kwenye gari.

#14 Mama Wawili Sakina
Shikamoo mama. Nimesoma nikalia. Ninatuma hela kila mwezi lakini goti sikuwahi kuuliza. Nampigia mama sasa hivi.

#15 Mpangaji wa Ngarenaro
Shikamoo Mama Mkubwa, na asante sana.

Binti Moshono na Fundi, nyote mnazungumzia nafasi, na nafasi mjini ni suala la mshahara. Fundi angelipwa vya kutosha angepanga chumba na sebule na mtoto angelala sebuleni. Kwa hiyo bado nashikilia kazi. Kazi inayomlipa mtu mzima mmoja kana kwamba hana anayemtegemea ndiyo inayozaa vyumba visivyo na watoto.

#16 Binti Moshono
Mshahara wangu ni mdogo kuliko wa dada #3, nina hakika. Na mwanangu yuko hapa. Umelijibu swali la Fundi, langu hujaligusa.

#17 Karatu Original
Kuhusu bibi, kuna jambo la hapa hapa mkoani ambalo dunia inalijua kuliko sisi. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti akina Kristen Hawkes na James O'Connell walikaa na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakapima nani anachimba mizizi kiasi gani na watoto wanaongezeka uzito vipi. Wakakuta mama akiwa na mtoto mchanga, uzito wa mtoto wake mkubwa unafuata bidii ya bibi katika kutafuta chakula. Wakajenga hoja kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi alikuwa akiokoa wajukuu.

Kwa hiyo bibi kulea ni kitu cha kale kuliko KNCU, kuliko Uchaga, kuliko mji. Tofauti ni kwamba yule bibi wa Eyasi yuko kambi moja na binti yake. Huyu wa Kirua kaachiwa mzigo wote. Sosho Mstaafu aliuliza umbali, nadhani ndilo swali zuri kuliko yote humu.

#18 Wakili Mtaani
Pande mbili za sheria.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Hilo "au walezi" lina maana bibi si mvunja sheria. Lakini wajibu wa matunzo haumtoki mzazi. Mwana anayetuma siku akikumbuka ajue hilo.

La pili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa, ikisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Ule ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake. Ila unamhusu mke na mume wanapoachana. Kazi ya bibi anayelea wajukuu ili binti yake aajiriwe Arusha haigusi.

#19 Anti wa Majengo
Nimesoma kutoka juu. Mama kaeleza, bibi kaeleza, binti kaeleza. Baba wako wapi? Kondakta wa kifodi ni mzazi, fundi ni mzazi, mleta uzi mwenyewe hatujui. Nani humu amewahi kumuuliza mwanaume kwa nini mtoto wake yuko kwa bibi? Na mara nyingi ni kwa bibi mzaa mama! Mangi anatuambia mtoto "anarudi kwao" wakati hapa Majengo, Moshi, ninaowaona wengi wako kwa wazazi wa mama, kwa sababu baba hakuoa au ameondoka.

Mama anapewa siku 84, baba siku 3. Hapo tayari imeshaamuliwa nani atabeba.

#20 Fundi Alumini
Anti, mimi mtoto wangu yuko kwa mama yangu mzazi, na mama yake yuko Dubai kazini. Wanaume wote tusiwekwe kapu moja.

#21 Mangi wa Uru
Anti kasema kweli kuhusu watoto kuwa kwa bibi mzaa mama. Enzi zangu lilikuwa jambo la nadra na la kunong'onezana. Hilo ni badiliko kubwa na mila haiwezi kulieleza.

#22 Kifodi cha Mwisho
Wa kwangu alirudi Krismasi anaongea Kirombo kitupu, mama yake ni wa Machame, hawaelewani. Mimi nakuwa mkalimani nyumbani kwangu. Na mtori wangu hautaki, anasema siyo wa bibi.

#23 Binti Machame
Kirombo na Kimachame ni mbali sana huyo mtoto hana kosa. Mtori weka nyama ya mfupa, acha tui la nazi, atakula.

#24 Msafiri wa Muriet
Mimi ni mgeni humu. Natokea Singida, mume wangu Kigoma. Tunapanga Muriet, wote tunafanya kazi. Mama yangu alifariki, mama mkwe yuko mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda na kurudi inazidi kodi yetu. Wenye migomba mnajadili kwa nini mnapeleka. Sisi tusio na pa kupeleka tunafanyaje? Mkubwa wangu ana miaka tisa, akitoka shule ndiye anayemwangalia mdogo mpaka nirudi.

#25 Mama Wawili Sakina
Dada Muriet, ulizia kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako kuhusu vituo vya kulelea watoto mchana vilivyosajiliwa. Usiangalie tangazo tu, nenda saa ambayo hawakutegemei, uone watoto wamelala wapi na nani yuko nao. Mtaani kwangu kuna mama anashika wa majirani kwa siku, unampa na chakula cha mtoto. Ila yeye mwenyewe, wanawe wako Same kwa bibi yao.